Siku 67 za serikali ya kwanza ya Kongo: ubovu ulikuwa wapi?

*“Jambo Prof. Mimi ni mwalimu wa sekondari, komini ya Katuba, Lubumbashi. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga ya shangazi yangu, na wazee wawili wakabishana mpaka usiku wa manane. Mmoja anasema serikali ya kwanza ya Kongo iliangushwa na Wabelgiji pamoja na watu wa Katanga. Mwingine anasema hapana, Lumumba alikuwa mtu wa hasira, angekuwa mpole nchi isingevunjika. Nilipoleta habari hiyo darasani, mwanafunzi mmoja akaniuliza: kwa nini serikali iliyotokana na uchaguzi haikumaliza hata miezi mitatu? Sikuwa na jibu. Je, kulikuwa na ubovu ndani ya serikali yenyewe, hata bila maadui wake? Nimesoma pia kwamba Marekani nao serikali yao ya kwanza ya taifa ilishindwa kazi, wakaibadilisha. Ubovu ni uleule? Nifundishe nini?”*

Jambo sana Mwalimu, na pole kwa msiba.

Nimefurahi kwamba ubishi huo ulitoka matangani ukaingia darasani. Hapa kwetu Lubumbashi mambo ya 1960 bado yana wenyewe. Taja vyama vya Conakat au Balubakat mbele ya watu kumi, wawili watanyamaza ghafla, na si kwa kukosa la kusema. Kwa hiyo nitakujibu polepole, na pale ninapotoa maoni yangu nitakuambia kwamba ni yangu.

Wazee wako wote wawili wana sehemu ya kweli. Ila wao wanabishana juu ya nani aliisukuma nyumba, na wewe unauliza nyumba ilikuwa imejengwaje. Swali lako ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloulizwa kidogo.

Nianze na kosa ambalo nalikuta kila mwaka kwenye karatasi za mitihani: “Rais Lumumba.” Lumumba hakuwahi kuwa Rais. Alikuwa Waziri Mkuu, na pia Waziri wa Ulinzi. Rais alikuwa Joseph Kasavubu. Wanafunzi wanadhani ni suala la cheo tu. Siyo. Nusu ya jibu lako imo humo, katika ukweli kwamba nchi ilikuwa na wakubwa wawili na sheria haikusema wazi nani anamfunga mwenzake.

Sheria yenyewe haikuandikwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wala hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ilipigiwa kura na bunge la Ubelgiji, Brussels, tarehe 19 Mei 1960, siku 42 kabla ya uhuru. Ina vifungu 259. Wazee wanaiita Loi fondamentale. Mimi nitaiita Sheria ya Msingi. Ilikuwa ya muda, itumike mpaka mabaraza ya Kongo yatakapoandika katiba yao. Viongozi wetu walikuwa wamekubaliana mambo makubwa kwenye mkutano wa Meza ya Duara na Wabelgiji, Januari na Februari mwaka uleule, tarehe ya uhuru ikiwemo, lakini kukata na kushona kulibaki kwa wanasheria wa Kibelgiji. Nao walifanya kile anachofanya fundi cherehani aliyepewa kitambaa jioni na kuambiwa nguo inatakiwa asubuhi: wakatumia vipimo vya mteja wao wa zamani.

Mteja huyo alikuwa mfalme wao. Tazama kifungu cha 22. Kinasema Mkuu wa Nchi ndiye anayemteua na kumwachisha kazi Waziri Mkuu pamoja na mawaziri. Katiba ya Ubelgiji ilikuwa na sentensi ya namna hiyohiyo kuhusu mfalme. Kule haimtishi mtu, kwa sababu mfalme hana chama, hagombei kura, na haamki asubuhi akamfukuza waziri mkuu mwenye wabunge wengi nyuma yake. Sentensi ile ilikuwa imezungukwa na karibu miaka 130 ya mazoea. Kwetu ilikuja sentensi peke yake. Mazoea hayafungwi kwenye sanduku.

Na aliyevalishwa koti la mfalme hakuwa mfalme. Kasavubu alikuwa kiongozi wa Abako, chama cha watu wa kabila la Bakongo wa Bas-Congo, chenye viti 12 katika Baraza la Wawakilishi. Yeye alitaka majimbo yawe na nguvu zake. Lumumba, wa MNC, alitaka taifa moja lenye serikali kuu yenye nguvu. Chama chake kilikuwa cha kwanza kwa viti, lakini kilipata 33 tu kati ya 137. Hakuna aliyeweza kutawala bila mwenzake, hivyo wakagawana. Tarehe 24 Juni mabaraza mawili yakamchagua Kasavubu kuwa Rais kwa kura 159 dhidi ya 43 za Jean Bolikango, na watu wa Lumumba walikuwa miongoni mwa waliompigia. Huo haukuwa upumbavu. Ulikuwa ndio mlango pekee uliokuwa wazi. Lakini mwambie mwanafunzi wako aone kilichozaliwa: Rais mwenye chama, mwenye mawazo yake juu ya umbo la nchi, aliyechaguliwa na wabunge walewale waliompa imani Waziri Mkuu, na ameshika kalamu ya kumfuta huyo Waziri Mkuu.

Serikali yenyewe ilikuwa na watu 37, ukihesabu mawaziri, mawaziri wa nchi na makatibu wa serikali. Kila chama kilichosaidia kilipewa kiti, na hata hivyo ilipopigiwa kura ya imani ilipata 74 kati ya 137. Wingi unaanzia 69. Kamati ya chakula kwenye matanga ya shangazi yako nadhani ilipita kwa kura nyingi zaidi. Wawakilishi wengi siku ile hawakuwepo ukumbini kabisa. Waziri wa namna hiyo hamtazami Waziri Mkuu. Anamtazama mkubwa wa chama chake kule kwao. Kumbuka jambo hili, maana linarudi Septemba.

Sasa jeshi. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu darasani, kwa sababu wanafunzi wanadhani askari waliasi kwa kuchochewa na mtu.

Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000 na maofisa karibu 1,000. Maofisa hao wote walikuwa Wabelgiji. Wote. Mkongo aliyepanda kuliko wengine alifika cheo cha ajida, akagonga dari. Mambo hayakuwa tofauti sana katika ofisi za serikali: kati ya nafasi zaidi ya 4,000 za ngazi za juu, Wakongo walikuwa 3. Waliomaliza chuo kikuu nchi nzima hawakufika 30. Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, alijenga shule za msingi na za ufundi nyingi, chuo kikuu cha Lovanium akakifungua 1954, na hiki cha kwetu hapa Élisabethville 1956. Mtu aliyeanza chuo 1956 hajawa katibu mkuu wa wizara 1960.

Basi tarehe 5 Julai, uhuru una siku tano, Jenerali Émile Janssens aliwakusanya watu wake kambini Léopoldville. Akachukua chaki akaandika ubaoni: “Kabla ya uhuru = baada ya uhuru.” Alama ya usawa katikati, kama somo la hesabu. Aliona anarudisha nidhamu. Usiku ule maasi yalikuwa yameshaanza, pale Léopoldville na kule Thysville. Askari waliona wanasiasa wamepata magari na nyumba, makarani wamekuwa mawaziri, na wao wameandikiwa ubaoni kwamba kwao uhuru haufiki.

Nani wa kulaumiwa? Janssens, ndiyo. Lakini pia serikali yenyewe, na hapa mzee wako wa pili ana haki yake. Lumumba alikuwa Waziri wa Ulinzi, akamwacha Janssens kwenye kiti chake na maofisa wote kwenye nafasi zao, akitumaini mambo yatakwenda taratibu. Moto ulipowaka akatangaza kila askari apandishwe cheo kimoja. Hebu waza: kama wote wanapanda ngazi moja, aliye juu bado yuko juu, na aliye chini bado anampigia saluti yuleyule. Haikutuliza mtu. Tarehe 8 Julai ndipo jeshi likapewa mkuu Mkongo, Victor Lundula. Unajua walimtoa wapi? Hapa jirani, Jadotville, Likasi ya leo, alikokuwa burgumesta, yaani meya. Alikuwa sajenti meja wakati wa vita vya pili vya dunia. Mkuu wa majeshi wa taifa lenye ukubwa kama wetu alitafutwa kwenye ofisi ya komini, kwa sababu kambini hapakuwa na aliyefundishwa. Chini yake akawekwa kanali mmoja kijana aliyewahi kuwa karani wa jeshi na mwandishi wa magazeti, Joseph-Désiré Mobutu.

Kwa hiyo mtu akikuambia “serikali ilishindwa kulitawala jeshi,” mwulize: jeshi gani? Kufikia katikati ya Julai maofisa walikuwa wamekimbia au wamefukuzwa, watumishi wa ofisi za serikali wanapanda ndege kwa maelfu kurudi kwao, na waziri anafungua ofisi asiyoijua mafaili yake.

Tuje nyumbani, jimbo la Katanga. Najua hapa ndipo matanga yalipochemka.

Simulizi tunayoisikia sana ni kwamba Katanga ilijitenga kwa sababu ya maasi. Maasi yalifika kweli: usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Julai risasi zililia Camp Massart, kambi ya jeshi ya hapa mjini, wazungu kadhaa wakauawa mjini, na wanajeshi wa Kibelgiji wakaingia asubuhi yake bila kuombwa na serikali ya Léopoldville. Jioni ya tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kujitenga. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa mwezi mmoja kabla, kwa njia ya hesabu, na napenda mwanafunzi aifanye hesabu hiyo mwenyewe.

Baraza la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Katika uchaguzi wa Mei, Conakat ya Tshombe ilipata 25. Cartel, yaani Balubakat ya Jason Sendwe na washirika wake, ilipata 23. Vilivyobaki vilikwenda kwa watu huru wasio na chama na kwa vyama vidogo. Sheria ya Msingi ilisema ili kuchagua serikali ya jimbo lazima theluthi mbili ya wajumbe wawepo ukumbini. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Watu wa Cartel walipoona watu huru wanaelekea Conakat, wakasusia. Toa 23 kwenye 60, inabaki 37. Pungufu ya watatu. Sheria ilikuwa inawaambia: kaeni chini, mgawane. Katikati ya Juni bunge la Brussels likaibadilisha, likateremsha akidi, Tshombe akachaguliwa kuwa rais wa jimbo, na serikali ya jimbo ikaundwa bila Cartel. Yaani kabla uhuru haujafika, kanuni ya mchezo ilishabadilishwa katikati ya mchezo, na katika jimbo lilelile lililokuwa na pesa. Watu wa kaskazini ya Katanga hawakusahau, na damu iliyomwagika huko baadaye ina mizizi hapo.

Serikali kuu ilifanya nini? Tarehe 12 Julai Kasavubu na Lumumba walikuja kwa ndege, wote wawili, pamoja. Watu husahau kwamba Julai ile walizunguka nchi bega kwa bega, na wito kwa Umoja wa Mataifa waliutia saini wote. Ndege ikafika juu ya uwanja wa Luano. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, akakataa isitue. Ikazunguka, ikaondoka. Mimi kila nikipita njia ya Luano naitazama anga ile: Rais na Waziri Mkuu wa nchi yenye siku 12, wanaangalia mji wao dirishani, na hawana namna ya kushuka.

Sitaki ufundishe kwamba kila aliyetaka majimbo yenye nguvu alikuwa kibaraka. Hoja ya shirikisho ilikuwa halali, Kasavubu mwenyewe alikuwa nayo, na Sheria ya Msingi iliikwepa. Iliyapa majimbo serikali na mabaraza yake, kisha ikaacha mambo mengi nusunusu kati ya jimbo na serikali kuu, ikiwemo nani hasa anakula kodi ya shaba. Nchi kubwa ikiacha swali hilo wazi, anayekaa juu ya mgodi ndiye anayelijibu. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilikuwa hapa, kodi zake zikaanza kulipwa hapa, na hazina ya Léopoldville ikakatika mshipa mkubwa. Juu ya hayo, siku chache kabla ya uhuru Ubelgiji ilikuwa imeivunja Comité spécial du Katanga, chombo ambacho kwacho dola ilikuwa na sauti kubwa ndani ya kampuni ile. Mzee wako wa kwanza, akirudi kwenye ubishi, mpe hilo, ni lake.

Hapa naweza kukujibu kuhusu Marekani, kwa kifupi. Serikali yao ya kwanza, ya 1781 mpaka 1789, ilikuwa na ugonjwa mwingine. Majimbo yao 13 yaliogopa kupata mfalme mpya, yakaunda muungano usio na rais mwenye mamlaka wala mahakama za taifa. Bunge lao liliweza kuomba pesa kwa majimbo, lisiweze kutoza kodi. Kubadilisha mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali, kwa hiyo mmoja akikataa basi. Wakulima wenye madeni walipoasi Massachusetts mwaka 1786, serikali kuu ilikuwa haina hata pesa ya kuajiri jeshi. Mwaka uliofuata wajumbe wakakutana Philadelphia wakaandika katiba mpya. Kinachofanana na chetu ni mfuko mtupu na majimbo yenye kiburi. Kisichofanana ni hiki: wao hawakuwa na kichwa, sisi tulikuwa na viwili. Na wao mkataba waliuandika wenyewe, wakakaa nao miaka 8 wakiona unapovuja. Sisi tulipewa siku 67.

Siku ya 67 ni tarehe 5 Septemba. Kufikia hapo Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji nayo imejitenga, jeshi limetumwa huko likafanya mauaji ya kutisha, Lumumba amechukua ndege na magari ya Wasovieti, na Kasavubu anasukumwa na Wabelgiji na Wamarekani amwondoe. Usiku, Rais akaingia redio ya Léopoldville. Akasoma kwa sauti yake ya taratibu, akamwita Lumumba “burgumesta wa kwanza” badala ya waziri mkuu. Ulimi uliteleza: yeye mwenyewe alikuwa amezoea uburgumesta wa komini ya Dendale. Akasema mtu huyo, aliyeteuliwa na Mfalme wa Wabelgiji kwa mujibu wa Sheria ya Msingi, ameisaliti kazi yake, hivyo anamwachisha. Sikiliza maneno hayo vizuri. Hilo la kuteuliwa na mfalme lilikuwa kweli kisheria, kwa kuwa serikali iliundwa kabla ya tarehe 30 Juni na mfalme ndiye aliyetia saini. Kisha Rais akarudi nyumbani. Haukupita muda mrefu Lumumba naye akaingia redio ileile, akatangaza kwamba Kasavubu si Rais tena.

Amri ya Rais ilihitaji saini ya waziri. Walioitia saini walikuwa Justin Bomboko, Waziri wa Mambo ya Nje, na Albert Delvaux, waziri aliyepangiwa kuwakilisha serikali Ubelgiji. Wote wawili ni kutoka miongoni mwa wale 37. Ndiyo sababu nilikuambia ukumbuke.

Je, Kasavubu alivunja sheria? Wanafunzi wanataka ndiyo au hapana. Kwa herufi za kifungu cha 22, aliruhusiwa. Lumumba kumfukuza Rais, hakuna kifungu kilichomruhusu. Lakini mfumo wa bunge una maana moja: Waziri Mkuu anasimama au kuanguka kwa kura za wabunge. Na wabunge walisema. Tarehe 7 Septemba Baraza la Wawakilishi lilifuta maamuzi yote mawili, kwa kura 60 dhidi ya 19: Rais abaki, na Waziri Mkuu abaki. Kesho yake Seneti ikasimama na Lumumba kwa kura 41 dhidi ya 2. Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: baada ya kura hizo, Kasavubu kumng'ang'ania waziri mkuu mpya aliyemteua, Joseph Ileo, kulikuwa kinyume cha roho ya sheria hata kama herufi zilikuwa upande wake. Mahali pa kupeleka ugomvi huo palikuwa Mahakama ya Katiba. Imeandikwa kwenye Sheria ya Msingi. Haikuwahi kuundwa.

Pakiwa na wakubwa wawili, wote wana karatasi, na hakuna hakimu, anayeamua ni mwenye bunduki. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alitangaza kwamba “anawasimamisha” wanasiasa. Yaliyofuata unayajua, na yaliishia hapa kwetu, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba alipouawa.

Sasa turudi kwa mzee wa pili na hoja yake ya hasira. Ninayo njia moja ya kuipima, na naomba uitumie darasani: ondoa mtu, acha sheria. Mwaka 1964 nchi ilipata katiba mpya, ya Luluabourg, na Rais akabaki na uwezo wa kumwachisha kazi Waziri Mkuu. Mwaka 1965 Waziri Mkuu ni nani? Moïse Tshombe, mtu wa maneno laini, rafiki wa wazungu, kinyume cha Lumumba kwa kila kitu. Muungano wake, Conaco, unapata viti 122 kati ya 167. Tarehe 13 Oktoba Kasavubu anamfukuza. Anamteua Évariste Kimba, mtoto wa Katanga vilevile. Bunge linamkataa. Kasavubu anamteua tena Kimba yuleyule. Wanakwama, na tarehe 24 Novemba Mobutu anaingia, safari hii kukaa miaka 32. Lumumba alikuwa kaburini karibu miaka mitano, kama alikuwa na kaburi. Hasira yake haikuwepo, na gari lilikwama kwenye shimo lilelile.

Sisemi tabia haina kazi. Lumumba alikosea juu ya jeshi, alikosea Kasai, na alikuwa na haraka ya mtu anayejua hana muda. Sisemi pia wageni hawakuhusika. Kamati ya bunge la Ubelgiji lenyewe, iliyoundwa mwaka 2000, ilikiri wajibu wa kimaadili wa baadhi ya mawaziri wao katika kifo chake. Ninachosema ni kwamba nyumba iliyojengwa vizuri husukumwa pia. Ukiniuliza uzito, mimi naweka kwanza ukosefu wa watu waliofundishwa, jeshini kuliko kote, pili ugomvi wa vichwa viwili, tatu pesa. Mwenzangu anayefundisha uchumi ataanza na pesa, na sitagombana naye juu ya bukari, ugali wetu.

Ukitaka wanafunzi waone kwamba mambo haya ni ya leo, soma nao kifungu cha 78 cha Katiba ya 2006. Rais anamteua Waziri Mkuu kutoka kwenye wingi wa bunge, na kazi yake inakoma anapopeleka barua ya kujiuzulu. Hakuna kumfukuza redioni. Walioandika walikuwa wanaikumbuka Septemba ile. Mwaka 2021 Sylvestre Ilunga Ilunkamba aliondoka baada ya kura ya wabunge ya kutokuwa na imani. Jinsi wingi ulivyohamishwa ni masolo mengine, lakini njia ilikuwa ya bunge. Kisha soma kifungu cha 175: 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, ikatwe palepale yanapokusanywa. Uliza darasa kama Haut-Katanga inaipata. Watajua, maana wazazi wao wanaongelea hilo kila siku.

Mambo matatu usiyafanye kwa maandishi yangu pekee. Kama unaandaa mémoire au somo la inspekta, nenda kwenye maktaba ya chuo kikuu hapa mjini, uombe Moniteur congolais, gazeti rasmi la serikali, ya 1960, uone amri zenyewe zilivyochapishwa, kisha ukae na mwalimu wa sheria ya katiba akuelezee suala la saini. Kama darasani una watoto wa familia zilizokimbia kutoka kaskazini ya Katanga miaka ile, au zilizofukuzwa hapa 1992 na 1993, zungumza kwanza na mshauri wa shule na mzazi mmoja au wawili kabla ya kuleta somo la Katanga. Nimeona mtoto akitoka darasani analia, na mwalimu hakujua kosa lake. Na wale wazee wako wawili, warudie mchana, mmoja mmoja, pasipo pombe ya matanga. Waulize walikuwa wapi jioni ya tarehe 11 Julai na nani aliyekuwa na redio nyumbani. Andika majina ya mitaa wanayoyataja. Ukipata la maana, niletee.